Mwanakandarasi bandia amekula pesa zako? Tafuta ushahidi, si ngumi

UMEJINYIMA miaka mitatu jijini ili umjengee mama nyumba ya vyumba viwili kijijini. Ukamtumia mwanakandarasi Sh250,000 kwa M-Pesa. Akachimba msingi, akamwaga lori moja la mawe, kisha simu ikawa mteja. Sasa unasikia jamaa hana leseni.

Usimwendee na vijana wa mtaa. Ukimpiga, wewe ndiwe utakayeshtakiwa.

Anza kwa kuhakikisha. Wanakandarasi waliosajiliwa wamo kwenye tovuti ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA). Sheria ya 2011 iliyounda mamlaka hiyo inakataza ukandarasi bila usajili. Adhabu ni faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. NCA ikichukua hatua, haikurudishii hata ndururu. Polisi nao wanaweza kumfungulia mashtaka ya kupokea pesa kwa ulaghai, lakini kesi ya jinai lengo lake ni kumwadhibu. Ripoti kote huko, sawa, ila pesa zifuate kwa kesi ya madai.

Kusanya ushahidi leo, usingoje kesho. Hifadhi jumbe za M-Pesa na WhatsApp, na uombe taarifa rasmi ya malipo. Piga picha za mjengo ulivyo. Kisha mlete fundi mwingine aliyesajiliwa, apime kazi iliyofanyika na aandike thamani yake. Akisema ni Sh70,000, wewe dai Sh180,000. Ukidai zote, mahakama itakuuliza huo msingi ulichimbwa na nani.

Mwandikie barua ya kudai: alilipwa kiasi gani, alifanya nini, unataka kiasi gani na kufikia lini. Mpe siku 14, na ubaki na nakala. Wengine hulipa wakiona barua tu, kwa sababu wanajua hawana leseni ya kujitetea nayo.

Akinyamaza, nenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, unaweza kujiwakilisha bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kesi kuwasilishwa. Deni likizidi hapo, kesi ni ya mahakama ya hakimu.

Lakini ukweli usemwe: kushinda kesi si kushika pesa. Asipolipa, utarudi kortini kuomba mali yake inaswe. Kwa hivyo chunguza mapema kama ana pikapu, mashine ya kuchanganya simiti au ploti. Kama hana kitu, kubali kulipwa kidogo kidogo, na makubaliano hayo yaandikwe mbele ya mahakama.

Na huyo fundi wa pili? Cheti kwanza, mkataba ulioandikwa, kisha umlipe kwa kazi iliyokwisha. Msingi ukikamilika, lipia msingi. Ukuta ukisimama, lipia ukuta. Mama amengoja miaka mitatu. Wiki moja ya kukagua makaratasi haitamuumiza.