Mapendo: Mtoto anavuka mpaka, darasa lake linabaki nyuma

Kila asubuhi ya siku ya masomo, kwenye Petite Barrière, mpaka ambao wakaaji wa Goma na Gisenyi wanauvuka kwa miguu, sare za shule zinapishana. Kuna shati jeupe na suruali au sketi ya buluu, sare ya wanafunzi wa Kongo nzima. Kuna pia rangi za shule za Rwanda, ambazo zinabadilika shule kwa shule. Katikati yao wanapita akina mama wenye mabeseni kichwani na walemavu kwenye baiskeli za magurudumu matatu zilizopakiwa mizigo mpaka juu. Hakuna anayegeuka kuwatazama watoto hao. Wanavuka kama mwingine anavyovuka barabara kwenda dukani.

Kwa mtu wa Mapendo, kata ya mtaa wa Goma iliyo jirani na mpaka huo, nchi ya kigeni si jambo la kusoma kwenye kitabu cha jiografia. Ni mahali anapokaa shangazi, ambako unga wakati fulani ni bei nafuu, na ambako familia inakimbilia mambo yakiharibika. Na mambo yameharibika mara nyingi. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002 na moto wake ukapita katikati ya mji. Ikalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. M23 iliingia Goma mnamo Novemba 2012, ikaondoka, kisha ikauchukua mji tena mwishoni mwa Januari 2025. Kila mara wazazi walikusanya watoto, godoro na sufuria, na wengine wakavuka.

Habari za siku ile ya kukimbia zinaandikwa sana. Kinachofuata miezi mitatu baadaye, mtoto anaporudishwa shuleni katika nchi nyingine, hakiandikwi sana. Na hapo ndipo vijana wengi wa Goma wanapoteza miaka.

Siku ya mwanafunzi wa Mapendo inaanza kabla jua halijatoka, mara nyingi na bidoni mkononi. Maji yakipatikana ndipo anaoga, anavaa, anaondoka. Madarasa hayatoshi, kwa hiyo shule nyingi za mji zinagawa siku mara mbili: kundi moja linasoma asubuhi, lingine linaingia mchana kwenye viti hivyo hivyo. Jumamosi pia shule nyingi zinafungua. Anayesoma asubuhi anarudi nyumbani mchana, anakula bugali na maharagi au sombe, kisha nusu ya pili ya siku inakuwa ya nyumba na ya mtaa: kumsaidia mama mezani kwake sokoni, kuchunga wadogo, kusukana nywele, kucheza mpira juu ya mawe ya volkeno ambayo yanakula viatu kuliko majani yoyote.

Shule ya msingi ya serikali inapaswa kuwa ya bure. Katiba inasema hivyo katika kifungu cha 43, na serikali ilianza kuitekeleza mnamo Septemba 2019. Sekondari haimo. Huko neno linaloogopwa ni minervali, na kila mwanafunzi anajua asubuhi ambayo majina yanasomwa na waliotajwa wanarudishwa nyumbani. Mnamo Januari 2025 benki za Goma zilifungwa, na mzazi ambaye mshahara wake ulikuwa ukipitia benki alilazimika kutafuta njia ya simu, au kuvuka kwenda kuchukua makuta yake Gisenyi.

Umbali wa dakika chache kutoka hapo, siku ya shule ina umbo lingine kabisa. Tangu Januari 2023, Rwanda imepanga masomo yaanze saa mbili na nusu asubuhi na kuisha saa kumi na moja jioni. Watoto wanakula chakula cha mchana shuleni. Mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, ambacho Rwanda ilikichagua badala ya Kifaransa mwaka 2008. Uwanjani watoto wanaongea Kinyarwanda. Katika shule nyingi msichana ananyoa nywele zake sawa na mvulana, na kwa msichana wa Birere aliyezoea kusukwa, siku ya kwanza ya mkasi si siku ndogo.

Saa hizo zinaonekana kama jambo la ofisi tu, mpaka mtu azilinganishe na saa za mpaka. Mnamo Juni 2022, baada ya mwanajeshi wa Kongo kuuawa kwenye Petite Barrière, upande wa Kongo uliamua mpaka ufungwe saa tisa alasiri. Chini ya saa hizo, mtoto aliyelala Mapendo na kusoma shule iliyofunga saa kumi na moja hakuweza kutii saa zote mbili. Kwa hiyo familia ilichagua: mtoto akae kwa ndugu Gisenyi wiki nzima, au aache shule hiyo. Wakati wa korona, mwaka 2020, uchaguzi huo haukuwepo hata kidogo, kwani mpaka ulifungwa kabisa kwa watu wa kawaida.

Hata hivyo, aliyeko Gisenyi bado anasikia habari za nyumbani kila siku. Walioenda mbali zaidi wana mzigo mzito kuliko huo.

Barabara inayojulikana zaidi inapita Rutshuru hadi Bunagana, mji wa mpaka ambao M23 iliuchukua Juni 2022. Maelfu waliovuka hapo waliingia Kisoro, Uganda, wakapokelewa kwanza katika kituo cha Nyakabande, kisha wakapakiwa kwenye mabasi kwenda makambi ya ndani. Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ni mojawapo. Imepokea wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, na leo Wakongo ndio kundi kubwa zaidi humo. Kuna makanisa yanayosali kwa Kiswahili cha Kivu, kuna wanaouza sombe. Mama aliyetoka Goma anaweza kupitisha wiki nzima bila kuhitaji Kiingereza.

Mtoto wake hapati bahati hiyo. Uganda inafundisha kwa Kiingereza, na elimu ya msingi ni miaka saba, inayoisha kwa mtihani wa PLE. Kongo ni miaka sita, kwa Kifaransa. Kijana aliyemaliza darasa la sita Goma na kupata cheti chake anadhani anaingia sekondari. Anaambiwa kwamba bado ana mwaka wa saba, na mtihani wa taifa katika lugha ambayo hajawahi kuisoma. Shule inampima, na mara nyingi inamrudisha chini: darasa la tano, la nne, wakati mwingine la tatu. Hesabu anazijua. Anajua kugawanya na anajua eneo la mstatili. Asichokijua ni namna swali linavyoulizwa. Anakaa na watoto wanaofika kifuani kwake, anasikia wakimcheka, na wazazi wengi wanajua mahali hadithi hiyo inapoishia: mvulana anaenda kubeba matofali, msichana anaolewa.

Kalenda nayo inaongeza yake. Mwaka wa masomo wa Kongo unaanza Septemba na kuisha mwanzoni mwa Julai. Uganda wanaanza Februari na kufunga mwisho wa mwaka. Familia iliyosubiri Julai, ili mtoto amalize mwaka wake vizuri kwanza, inafika na kukuta wenzake wako muhula wa pili. Akiingia Septemba, wanajiandaa kwa mitihani ya mwisho. Mzazi aliyefikiri kwa busara ndiye anayepoteza miezi mingi zaidi. Rwanda ilikuwa na kalenda kama ya Uganda, lakini baada ya korona ikahamia Septemba, na bila kukusudia ikawapunguzia watoto wa Goma usumbufu mmoja.

Uganda yenyewe ilifunga shule zake kutoka Machi 2020 hadi tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Kongo ilifungua, ikafunga, ikafungua tena. Tanzania ilikuwa imewarudisha wanafunzi wake wote kabla ya Julai 2020. Kwa hiyo vijana watatu waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja Goma, mmoja Mbarara, mwingine Kigoma, waliweza kujikuta katika madarasa matatu tofauti bila yeyote kati yao kushindwa mtihani.

Kenya na Tanzania zinatajwa Mapendo kwa matumaini zaidi, kwa sababu ya Kiswahili. Matumaini hayo ni ya kweli nusu. Tanzania inafundisha shule ya msingi yote kwa Kiswahili, na mtoto wa Goma anaingia darasani akielewa mwalimu tangu siku ya kwanza, jambo ambalo halimpati popote pengine. Atajifunza kumwamkia mwalimu shikamoo, kukimbia mchakamchaka asubuhi huku wakiimba, na kufagia uwanja kwa fagio aliyotoka nayo nyumbani. Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, kisha hadi kidato cha sita mwaka 2022. Lakini sekondari inageuka kuwa Kiingereza ghafla, na hapo hata Watanzania wenyewe wanaumia.

Kenya ni shule za bweni: sanduku la bati lenye kufuli, kengele kabla ya alfajiri, masomo ya jioni chini ya taa, wazazi kuja siku ya kutembelea wakiwa wamebeba chakula. Fimbo ilipigwa marufuku huko mwaka 2001. Kiswahili ni somo la lazima, na mtoto wa Mapendo anaingia darasa hilo akiwa na uhakika wa kushinda wote. Kisha anarudishiwa insha yake imejaa kalamu nyekundu. Ameandika bilatu badala ya viatu, batoto badala ya watoto. Kaye yake inaitwa daftari, tablo inaitwa ubao, prefe anaitwa mkuu wa shule, na biki ni kalamu. Ni aibu ya wiki chache. Wanaomudu Kiswahili cha nyumbani wanakizoea cha kitabuni haraka. Wapo hata wanaogeuka kuwa wa kwanza darasani katika somo hilo, na ni hapo wenzao wanapoanza kuwatafuta.

Uganda nayo iliamua mnamo Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu bado ni wachache. Katika makambi, wanaokiongea ni Wakongo, na ni ajabu kidogo kuona wanaokijua wakirudishwa darasa la nne kwa kukosa Kiingereza wakati shule inatafuta wa kukifundisha.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huo huo wa 2022. Mfanyabiashara wa Birere aliona mabadiliko fulani kwenye ushuru na hati za kusafiria. Mwanafunzi hajaona mengi. Vyeti vinalinganishwa bado na kila nchi peke yake: Uneb kwa Uganda, Knec kwa Kenya, Necta kwa Tanzania. Kila moja inaomba karatasi za asili, tafsiri kutoka Kifaransa, na malipo. Familia iliyokimbia usiku haina karatasi. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Goma bulteni za watoto zinafungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mpiga kura, mahali ambapo mkono unafika haraka.

Kuna kitu kimoja wazazi wa Mapendo wanakisahau wanapompeleka mtoto: anaweza kurudi. Wengi wanarudi. Kijana aliyesoma miaka minne Nakivale anarudi Goma akiwa na Kiingereza kizuri na Kifaransa cha mtoto mdogo. Mbele yake kuna Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, wenye insha ya Kifaransa na mtihani wa mdomo kabla ya zile siku nne za maswali. Prefe anamtazama, anatazama karatasi zenye mhuri wa Uganda, na kumshusha tena darasa moja au mawili. Amelipa kuvuka, amelipa kurudi. Wengine wanaona ni heri kumalizia huko huko walikoanza, hata kama familia nzima imesharudi nyumbani.

Mnamo Februari 2025, UNICEF ilisema zaidi ya shule 2,500 na vituo vya kusomea vilikuwa vimefungwa katika Kivu mbili. Goma ilifungua milango ya shule zake taratibu, na madarasa yalijaa nusu. Walimu waliita majina ya wale waliokuwepo Desemba. Baadhi yalijibiwa na jirani wa kiti, kwa jina la mji wa nchi nyingine.

Mwanzoni mwa Julai, kama kawaida ya Kongo, wanafunzi wa msingi na sekondari wanakusanyika uwanjani na wazazi wao kwa proklamasio. Asilimia zinasomwa kwa sauti, kuanzia ya juu kushuka, na mwenye kupita anakimbia mbele kuchukua bulteni yake huku nyumba yake ikipiga vigelegele. Wa Exetat wanasubiri ujumbe wa simu, na matokeo mazuri yakifika wanamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka mtaani wanajulikana kwa mbali. Picha zinatumwa WhatsApp saa ile ile. Zinafika pia Nakivale, ambako siku hiyo ni katikati ya muhula wa pili, na kijana wa miaka 15 anaitazama picha ya wenzake wa kiti kimoja kabla ya kuingia tena darasa la tano.