Magonjwa ya Muhogo na Kuku Husafiri Ndani ya Mizigo

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho, wamo wengi wenye mashamba huko kwao. Waendapo kuzuru jamaa hawaendi mikono mitupu. Huyu huchukua kuku aliyenunuliwa sokoni. Yule hubeba vipando vya muhogo alivyopewa na shemeji. Zawadi hizo ni njema, lakini magonjwa mawili mabaya husafiri kwa njia hiyo hiyo. Yafaa basi kila mchukuzi ajue dalili zake.

Muhogo hupandwa kwa vipande vya shina. Kwa hiyo ugonjwa ulio katika mti wa kwanza huingia shamba jipya pamoja na vipando. Batobato hujulikana kwa majani yenye mabaka ya manjano, yaliyojikunja na kudumaa. Huenezwa pia na nzi weupe wadogo wakaao chini ya majani. Batobato kali ilienea Uganda tangu mwisho wa miaka ya 1980, hata wakulima wengi wakaacha kulima muhogo, na katikati ya miaka ya 1990 ikaingia magharibi mwa Kenya.

Michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa hila zaidi. Mti waweza kuonekana mzima, na huku mizizi inaoza ndani kwa madoa makavu ya rangi ya kahawia. Mwenye shamba hungoja karibu mwaka mzima, na siku ya kung'oa hukuta chakula kisicholika. Kwa hiyo, kabla ya kukata vipando, ng'oa mti mmoja au miwili, upasue mizizi na kuitazama. Ukiona madoa, usichukue kitu katika shamba lile. Katika shamba lako, mti mchanga ukionyesha ugonjwa, ung'oe mara moja na kuuchoma.

Kuku nao wana ugonjwa uitwao kideri. Tanzania huitwa mdondo. Wataalamu huuita Newcastle, kwa jina la mji wa Uingereza ulikoonekana mwaka 1926. Kuku huzubaa, huhema kwa shida, huhara kinyesi cha kijani, na wengine hupinda shingo. Kundi zima laweza kufa kwa siku chache. Hakuna dawa ya kuuponya, lakini iko chanjo ya kuuzuia. Chanjo ya tone la jichoni hupewa kuku walio wazima, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Muulize afisa wa mifugo wa mahali pako, na ni vema majirani wachanje siku moja.

Kuku mgeni asiachwe kuchanganyika na wenyeji siku ile ile afikapo. Mtenge kwa majuma mawili au zaidi, mwenye chombo chake cha maji, kwa maana aweza kuwa na ugonjwa usioonekana bado. Aliyekufa asitupwe jalalani wala asiuzwe; azikwe shimo refu au achomwe moto, na tundu lake lisafishwe.

Jamaa wa shambani huona haya kukataa zawadi ya mtu wa mjini. Kwa hiyo ni wajibu wa mchukuzi mwenyewe kuikagua kabla ya kupanda basi.