Darasa Ukingoni mwa Bwawa

Serikali ya Kenya ilipoanzisha, mwaka 2009, mpango wa kuchochea uchumi, ufugaji wa samaki ulipewa fungu kubwa: iliazimiwa yachimbwe mabwawa 200 katika kila jimbo miongoni mwa majimbo 140, kila bwawa liwe na mita za mraba 300 na kutiwa vifaranga wapatao 1,000. Mabwawa yakachimbwa upesi; maarifa, ambayo hayachimbwi kwa jembe, yakachelewa, na si machache kati ya mabwawa hayo ambayo baadaye yaliachwa yakamea magugu.

Aghalabu hudhaniwa kwamba dawa ya upungufu huo ni kuwakusanya wafugaji wengi mahali pamoja, kwa kuwa maafisa wa ugani ni wachache na hawawezi kupiga hodi kwa kila mmoja. Kwa upande wa gharama hoja hiyo ina nguvu. Kwa upande wa taalimu haitoshi, kwani halaiki iliyoketi chini ya mwembe ikimsikiliza mtaalamu hadi adhuhuri, hata ikiondoka imeridhika, bado haijawa darasa. Mkutano hufaa kutangazia watu maradhi yaliyozuka au bei ya vifaranga. Ufundi wa mikono hutaka mahali pengine.

Mahali hapo ni shamba darasa, njia iliyoasisiwa Indonesia mwaka 1989 kwa ajili ya wakulima wa mpunga, ikafika Afrika Mashariki katika miaka ya 1990, na wafugaji wa samaki nao wakaitwaa. Watu kiasi cha 25 huchagua bwawa moja, wakakutana hapo kwa siku maalumu tangu vifaranga watiwe hadi mavuno, na kila wakutanapo hutazama, hupima, hujadiliana, ndipo wakaamua. Mmoja hutumbukiza mkono majini hadi kiwiko: kiganja kikiwa chaonekana wazi, maji yahitaji samadi, kikitoweka kabla kiwiko hakijalowa, ukijani umezidi na samadi isimamishwe. Wengine huvuta wavu, wakapima ngege 50 ndani ya ndoo, na wakipata kilo 5 hujua kwamba wastani ni gramu 100. Bwawa likikadiriwa kuwa na samaki 900, uzito wote ni kilo 90, na chakula cha siku, kwa asilimia 3, ni kilo 2 na gramu 700. Aliyezoea kumwaga pumba kwa kukisia huiona hasara yake kwa hesabu aliyoifanya mwenyewe, wala hapana aliyemwaibisha.

Akilalamika mmoja kwamba ngege wake wamejaa tele ilhali hawakui, jirani humjibu kwamba madume na majike waliochanganyika wamezaana kupita kiasi, na kwamba yeye alitia kambare wachache wakawala wadogo. Na jibu hilo husadikiwa kuliko la afisa, ambaye kazi yake hapo ni kunyamaza mpaka mjadala upotoke.

Lakini kundi nalo lina kasoro zake. Anayealikwa ni mwenye bwawa, na anayelisha, mara nyingi, ni mkewe au mwanawe. Na samaki wakosapo hewa hutweta juu ya maji alfajiri, kabla jua halijachomoza, wakamdhihirikia yule aliyekuja na chakula. Asipokuwa darasani huyo, na saa ya kukutana isipopangwa kwa kazi zake, elimu humfikia asiyeihitaji.

Basi afisi zinazojivunia orodha ndefu za waliohudhuria zingefanya vyema kuhesabu kingine: mabwawa yaliyovunwa, kisha yakatiwa vifaranga tena kwa fedha za mfugaji mwenyewe.