Viboko wa Bujumbura

Wenzangu wengi hapa Itaba wanajua kwamba Nairobi ina mbuga ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1946, na kwamba simba wake hukaa karibu kabisa na mji. Lakini mara nyingi nawasikia wakisema kwamba sisi Warundi hatuna jambo kama hilo. Wazee wetu waliokaa Bujumbura tangu ilipoitwa Usumbura watacheka wakisoma hayo, maana baadhi yao wamekwisha kutana na kiboko njiani.

Mbuga yetu yaitwa Rusizi, nayo iko upande wa magharibi wa mji, katika njia ya kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, hushuka bondeni, na kabla ya kuingia Tanganyika hugawanyika na kuacha matete, madimbwi na mchanga. Hapo kiboko, ambaye kwa Kirundi twamwita imvubu, hupata yote mawili anayoyataka: maji ya kukaa mchana na majani ya kula usiku. Mahali hapo palianza kulindwa mwaka 1980, na mwaka 2002 pakaandikwa katika orodha ya Ramsar ya nchi za majimaji zenye maana kwa ulimwengu wote.

Sasa kwa nini mnyama huyu aingie mjini? Sababu yake ni ngozi. Kiboko ana ngozi nene, lakini jua huikausha upesi. Hutokwa na ute mwekundu unaomkinga kidogo (watu wengine hudhani ni damu), walakini hautoshi kumweka nchi kavu mchana kutwa. Basi hungoja giza, ndipo atoke kwenda malishoni, na kwa usiku mmoja aweza kula kilo 40 za majani. Zamani ufuko wote ulikuwa malisho. Leo pana nyumba, mahoteli na mashamba, na wakati wa kiangazi majani mabichi hupatikana katika bustani zinazomwagiwa maji. Kiboko hajui kwamba bustani ina mwenyewe.

Naye si ng'ombe. Dume aweza kupita kilo 1,500, na akitimua mbio humshinda mtu. Hali nyama ya watu, lakini akimkuta mtu amesimama kati yake na maji hudhani amezibiwa njia ya kukimbilia, naye humshambulia. Kwa hiyo, ndugu zangu mtakaokwenda kusoma Bujumbura, msitembee ufukoni usiku, na mkimwona kiboko msimmulike kwa taa ili kupiga picha. Mpisheni arudi ziwani.

Wageni wa mbali huuliza zaidi habari za mamba Gustave, ambaye Mfaransa Patrice Faye alimtegea mtego mkubwa wa chuma asimpate. Husemwa kwamba aliua watu mamia. Mimi nasadiki nusu tu. Lakini mamba wa Rusizi ni wa kweli, na wavuvi wanawajua.

Wako watu wanaotaka viboko wauawe wote, au ujengwe ukuta. Sikubaliani nao, ingawa namwelewa mkulima ambaye mahindi yake yameliwa usiku mmoja. Nairobi wameweka ua upande wa mji, wakauacha upande wa kusini wazi ili wanyama wapite. Sisi hatuwezi kuzungusha ua ziwani. Tuna sheria ya maji ya mwaka 2012, inayokataza kujenga chini ya mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika. Kama ingefuatwa, ukanda huo ungekuwa njia ya viboko, na tena ungewakinga watu wenyewe. Maana mwaka 2024 ziwa lilifurika, Gatumba ikajaa maji, na viboko na mamba wakaogelea kati ya nyumba ambazo watu walikuwa wamezihama.