Je, Wajua? Vita, Mikataba na Ziwa Letu

Kaa hapa, ndugu yangu, tazama ziwa. Leo utaondoka Muhuta ukishangaa!

Je, wajua kwamba ufuo huu uliwahi kuahidiwa amani kwa maandishi? Mkataba wa Berlin wa 1885 unalitaja Ziwa Tanganyika tangu ibara ya kwanza, na ukaweka njia ya kuliepusha bonde lake lote na vita vya Wazungu. Mataifa 14 yalikaa mezani. Mwafrika hakuwepo hata mmoja!

Je, wajua nani alilipa Wajerumani walipovamia Burundi? Mvamiwa mwenyewe! Kwa mkataba wa Kiganda wa Juni 1903, Mwami Mwezi Gisabo alitozwa faini ya ng'ombe 424. Hesabu tena: 424.

Na ile ahadi ya Berlin ilidumu muda gani? Miaka 29 tu. Tarehe 22 Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Kibelgiji Alexandre Delcommune huko Lukuga, Kalemie ya leo. Milima ile unayoiona ng'ambo ikawa nchi ya adui, na wavuvi wa pande zote mbili hawakuulizwa kitu.

Shika hii! Mwaka 1915 Waingereza walisafirisha boti mbili za mita 12, Mimi na Toutou, kutoka London hadi ziwani kwetu. Zilipanda meli, zikapanda treni, kisha zikakokotwa na ng'ombe na matrekta ya mvuke kuvuka milima ya Mitumba. Tarehe 26 Desemba zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani. Siku 45 baadaye, Kingani ile ile, sasa ikiitwa Fifi, ilisaidia kuizamisha Hedwig!

Je, wajua kwamba meli nyingine ya vita hivyo iliokoa Warundi miaka 99 baadaye? Graf von Götzen ililetwa kutoka Ujerumani ikiwa vipande ndani ya makasha 5,000, na Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Waingereza waliiibua 1924, wakaiita Liemba. Mei 2015 ilikuwa ikibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma!

Unadhani waliokufa wengi katika vita hivyo vya Afrika Mashariki walikuwa askari? La! Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi wapatao 95,000 walipoteza maisha, wengi wao kwa maradhi na njaa. Watu hao hawakuwa na ugomvi na mtu.

Je, wajua kwamba Burundi ilijiunga na Umoja wa Mataifa siku 79 tu baada ya uhuru? Tangu tarehe 18 Septemba 1962 inabanwa na kulindwa na Ibara ya 2(4) ya Hati ya Umoja huo: nchi isitumie nguvu dhidi ya nchi nyingine.

Sikia na hili la jirani yetu Tanzania. Mwaka 1964 huko Cairo, Rais Nyerere ndiye aliyependekeza Afrika iheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru. Miaka 14 baadaye Idi Amin wa Uganda akavuka mpaka wa Nyerere huyo huyo, akatangaza kulitwaa eneo la Kagera! Mwalimu akalieleza taifa mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Mawili ya mwisho wanafalsafa wa vita vya haki wameyadai kwa karne nyingi.

Je, wajua kwamba Umoja wa Afrika uliwahi kuidhinisha askari 5,000 waje Burundi? Ilikuwa tarehe 17 Desemba 2015. Serikali ikakataa, na mwisho wa Januari viongozi wa Afrika wakaamua wasitumwe.

Bado usiinuke! Juni 1999 Kongo ilizishtaki Burundi, Rwanda na Uganda kwa madai ya kuivamia, katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Kesi ya Burundi ilifutwa 2001 kwa ombi la Kongo yenyewe, lakini ya Uganda ikasonga mbele. Tarehe 9 Februari 2022, miaka 106 kamili tangu Hedwig izame, Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325, yaani dola milioni 65 kila mwaka kwa miaka 5. Umeona? Mwaka 1903 bili ilipelekwa kwa aliyevamiwa. Mwaka 2022 ilipelekwa kwa aliyevamia. Mweleze jirani yako leo hii!