Dolma ya sukuma wiki: Mapishi ya Ugiriki yatua Silanga

Jumapili moja niliteketeza nyama ya familia. Si utani. Robo kilo ya nyama ya kusaga na kikombe cha mchele, vyote vimenunuliwa na mathee kwa pesa za kufulia watu nguo, viligeuka uji mweusi chini ya sufuria. Usiku huo watu watano tulikula mkate na chai ya rangi. Mathee hata hakunigombeza. Alisema tu, "Siku nyingine ukitaka kujaribu kitu, jaribu na maji."

Shida ilianzia kwa simu. Nilikuwa nimetazama video ya mama mmoja Mgiriki akikunja dolma, yaani majani ya mzabibu yaliyojazwa mchele, nyama na viungo, halafu yakachemshwa taratibu na limau. Vidole vyake vilienda mbio kama vya mtu anayesuka nywele. Nikajiambia hii ni rahisi.

Kumbe kwanza majani yenyewe hayapatikani. Hapa Silanga, chini karibu na Nairobi Dam, hakuna mzabibu. Wenye mizabibu ni majirani zetu wa Dodoma, Tanzania. Supermarket niliona majani yale kwa chupa, yameloweshwa kwenye maji ya chumvi, na bei yake ingetulisha unga siku kadhaa. Nikarudi kwa keja nikaangalia gunia la mathee la sukuma wiki pale mlangoni. Nikachuma.

Sasa unaweza kusema hiyo si dolma. Hebu tulia kwanza. Neno dolma ni la Kituruki, linatokana na kujaza. Chakula hiki kilisambaa katika himaya ya Waosmani na kila mtu akakifanya chake. Misri na Sudan wanakiita mahshi, na Sudan ndiko walikotoka mababu wa Wanubi, wale wanajeshi walioipa Kibera jina lake, Kibra, yaani msitu. Wagiriki wenyewe, majira ya baridi wakikosa majani mabichi ya mzabibu, hukunja kabeji. Huko Sweden nako, mwandishi wa mapishi Cajsa Warg aliandika jinsi ya kupika dolma katika karne ya 18, na kwa asiyeweza kupata majani ya mzabibu akapendekeza kabeji. Mpaka leo Waswidi wanakula dolma ya kabeji na hakuna anayewauliza mzabibu uko wapi.

Ukiangalia vizuri, hiki ni chakula cha kunyoosha kidogo kiwe kingi. Nyama kidogo, mchele kidogo, ukifunga kwa majani inashibisha meza nzima. Na sukuma wiki ni nini, kama si kusukuma wiki mpaka mshahara ufike? Hizi mboga mbili zilizaliwa na shida moja.

Nilipopata doh ya kibarua wiki tatu baadaye, nilinunua vitu mwenyewe nikajaribu tena. Nilikuwa nimeshajua makosa yangu matatu.

La kwanza, majani. Sukuma ni ngumu kuliko jani la mzabibu, na ule uti wa katikati haukunjiki. Chuma majani 25 ya saizi ya kiganja kilichokunjuliwa, yasiyo na matobo. Laza kila jani kifudifudi, uchonge uti kwa kisu mpaka ulingane na jani. Yatumbukize kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kwa dakika mbili au tatu, kisha uyatoe uyatie kwenye maji baridi. Hapo yanakuwa laini kama kitambaa.

La pili, mchele. Nilikuwa nimeupika kwanza, ndiyo maana ukawa uji. Mchele unaingia mbichi. Osha kikombe kimoja, uchanganye na nyama, kitunguu kilichokatwakatwa, nyanya moja, dania, chumvi, pilipili manga na vijiko viwili vya mafuta. Ukipata nanaa, weka. Kwa kila jani weka kijiko kimoja upande wa shina, funika, kunja pembeni zote mbili, kisha viringisha. Usikaze sana. Mchele utafura, na ukikosa nafasi jani litapasuka.

La tatu, moto. Hapa ndipo nilipochomea familia. Tandika chini ya sufuria majani yaliyochanika na zile nyuti ulizochonga, ndizo zitakazoungua badala ya chakula. Panga dolma zikibanana, mshono ukiangalia chini. Zifunike kwa sahani iliyopinduliwa ili zisielee. Mimina maji yafunike tu, kamulia limau moja, funika sufuria. Zikianza kuchemka, punguza makaa, acha machache tu, na usubiri dakika 45. Usifunue kila saa. Ukiepua, ziache zitulie robo saa.

Wagiriki humalizia na mchuzi wa yai na limau. Piga yai moja na maji ya limau, ongeza supu ya moto kutoka kwenye sufuria kidogo kidogo huku ukikoroga, kisha mwaga juu. Ukiharakisha yai litagandamana. Kama huna yai, mala inafanya kazi.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: nyama Sh150, mchele Sh40, nyanya na kitunguu Sh30, malimau mawili Sh20, dania Sh10, yai Sh20, makaa Sh50. Jumla Sh320 kwa watu watano, kila mtu dolma tano. Mafuta na chumvi vilikuwa nyumbani. Sukuma ilikuwa bure.

Na hapo kwa sukuma niseme kitu. Maji ya moto yanaua vijidudu, lakini hayatoi sumu ya madini iliyonyonywa na mboga zilizomwagiliwa maji machafu. Ndiyo maana tunapenda gunia letu. Kilimo hiki kilishika kasi Kibera mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Ufaransa la Solidarités lilipokuja na mpango wa bustani za magunia. Ni udongo, nguzo ya mawe katikati ya kupitishia maji, na matobo pembeni ya miche. Mathee humwagilia maji ya kununua, yale yaliyosuuza mchele.

Jioni hiyo alichukua dolma ya kwanza, akaigeuzageuza kama anayekagua noti bandia. Akauma. Akatafuna polepole.

"Hii ni sukuma yangu?"

"Ndiyo, mathee."

Akachukua ya pili. Alipofika ya tano akaangalia sufuria, akaangalia gunia mlangoni, akasema Jumapili ijayo nyama atanunua yeye.