Airtime si pesa: maana tatu za neno moja

"Nitumie airtime ya mia." Sentensi hii tumeizoea sote. Tumezoea pia kupigiwa simu na mteja aliyetaka airtime ya shilingi 100, akabonyeza sifuri moja zaidi, ikawa 1,000. Swali lake huwa hili: "Si mnirudishie tu, kwani si ni pesa yangu?"

Jibu tunalipata tukiangalia neno lenyewe.

Airtime ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyounganishwa: hewa na muda. Kwenye redio lina maana ya muda ambao kipindi au tangazo liko hewani. Mpaka leo, mwenye biashara akitaka tangazo la sekunde 30, ananunua airtime kutoka kwa kituo.

Simu za mkononi zilipokuja, neno likahamia huko. Sauti yako nayo hupita hewani kwa mawimbi, kwa hivyo muda wa kuongea uliolipia ukaitwa airtime. Vitabuni ni muda wa maongezi, mtaani ni kredo, na ndugu zetu Tanzania husema vocha.

Maana ya tatu tumeijenga sisi watumiaji. Kabla huduma ya kutuma pesa kwa simu haijaanza Kenya mwaka 2007, katika nchi kadhaa za Afrika watu walitumia airtime kama pesa. Unanunua kadi mjini, unakwangua, unamtumia mama zile nambari kwa SMS, naye anamuuzia mwenye duka kijijini.

Leo hakuna haja hiyo tena, lakini bado wengi huchanganya vitu hivi viwili. Pesa iliyo kwenye akaunti yako unaweza kuitoa kwa ajenti, kumtumia mtu au kulipia bidhaa dukani. Airtime ni huduma ambayo umeshalipia: kupiga simu, SMS na bando. Ajenti hawezi kukupa noti kwa airtime. Na kwa sababu neno "salio" linatumika kwa zote mbili, soma ujumbe vizuri ujue ni salio gani.

Kwa hivyo:

- Kabla ya kuweka PIN, soma tena kiasi na nambari.
- Ukikosea, usiitumie hiyo airtime. Pigia huduma kwa wateja hapo hapo. Ikishatumika, hakuna kitu cha kurudisha.
- Mtu akisema amekutumia kimakosa, angalia salio wewe mwenyewe kwenye menyu. Usiamini SMS peke yake.
- Anayekuomba airtime ndipo "akufungulie zawadi" ni tapeli. Kata simu.

Ukitaka mama anunue unga, mtumie pesa. Ukitaka akupigie mpige stori, mtumie airtime.